Jiko letu la zamani: miezi mitatu tunapanga na hatujavunja hata kigae kimoja

Ilianza na droo. Droo ya vijiko, ile ambayo kwa miaka tumekuwa tunaifungua kwa kuinyanyua kidogo halafu unaivuta kuelekea kushoto, hata mgeni akija kusaidia jikoni lazima aelekezwe. Asubuhi moja nikaivuta kama kawaida, ubao wa mbele ukabaki mkononi, sanduku likabaki ndani na vijiko vyote vikamwagika sakafuni. Nikakaa chini kuviokota, na nikiwa pale pale chini nikainua macho nikaona upande wa chini wa kaunta, sehemu ambayo sijawahi kuitazama tangu tuhamie. Mbao zimevimba. Kuna mstari mweusi wa unyevu unaanzia usawa wa sinki unakuja mpaka karibu na jiko la gesi. Nikafungua kabati la sinki, nikatoa ndoo, sabuni, matambara, kila kitu, nikachukua bisibisi nikagusa ule ubao wa chini, ikazama yenyewe bila kusukuma, kama unachoma kipande cha sabuni kilicholala kwenye maji.

Basi habari ya kununua droo mpya ikaishia hapo.

Sasa ni miezi mitatu tuko kwenye kupanga tu, na kila anayejua habari hii anauliza mbona mnachelewa, si muite fundi avunje mje mjenge. Mi naona hiki ndo kipindi chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu ukishavunja kila siku inayopita unakula hela na watu wako hawana pa kupikia, lakini kupanga ni bure, unaweza kuhamisha sinki mara kumi kwa penseli na hakuna anayekudai.

Ila niseme ukweli nilianza vibaya. Nilianza na rangi. Usiku mzima niko kwenye simu naangalia majiko ya watu, nikawa nimeseivu picha kama mia mbili hivi, makabati ya kijani, makabati ya bluu, vishikizo vya dhahabu, taa zinazoning'inia. Siku moja nikamwonyesha mama, tunaishi naye hapa, nikamwambia mama angalia hili, nalitaka hili. Akachukua simu akaisogeza mbali kidogo kama anavyofanya akasema, "Zuri. Sasa mwanangu sufuria la moto ukilitoa jikoni unaliweka wapi?" Nikaangalia vizuri. Hakuna pa kuliweka, jiko limebanwa kati ya friji na ukuta. Nikafungua picha nyingine, ile ile. Nyingine tena, sinki lipo katikati ya jiko zima na pembeni yake hamna hata nafasi ya kuweka sahani mbili zinazochuruzika maji. Nikafuta karibu zote.

Badala yake nikabandika karatasi kwenye mlango wa friji na penseli nikaifunga na kamba. Kwa wiki mbili kila mtu akikwama jikoni anaandika. Sio mapendekezo, hapana, kukwama tu. "Nimemgonga mama na mlango wa oveni." "Nimetafuta kifuniko dakika tano." "Giza, nimejikata." Ile karatasi imenifundisha kuliko picha zote, kwa mfano tuna kaunta ndefu karibu mita mbili upande wa dirishani na hakuna anayeifanyia kazi, imejaa vyombo vinavyokauka na birika na makopo, kazi yote ya kukata na kukanda inafanyika kwenye kipande cha sentimita arobaini kati ya sinki na ukuta. Na maji yanayochemka yanabebwa kutoka jikoni kwenda sinki yakikatiza njia ya mlango wa nyuma, ule mlango ambao watoto huingia mbio bila kuangalia. Tumeishi hivyo miaka yote na Mungu ametulinda tu.

Katika kusoma soma nikakutana na habari ya mama mmoja msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, huyu mwaka 1926 alichora jiko la nyumba za bei nafuu zilizokuwa zinajengwa mji wa Frankfurt kule Ujerumani. Alichofanya ni kupima muda na hatua za mtu anayepika, akaangalia hata jinsi wapishi wa kwenye mabehewa ya treni wanavyofanya kazi sehemu finyu, akatoa jiko la upana kama mita 1.9 na urefu kama mita 3.4, kila kitu unakifikia kwa mkono, na taa inayoteleza kwenye reli darini unaivuta inakufuata ulipo. Majiko kama 10,000 yalijengwa. Yaani kaunta moja iliyoungana na makabati chini na juu, hivi tunavyoona ni kawaida, mizizi yake iko pale. Kilichonigusa ni kwamba hakuanza na urembo, alianza na saa mkononi anamwangalia mtu anachoka wapi.

Lakini lile jiko lilichorwa kwa ajili ya mtu mmoja peke yake, na hapo ndo halitufai sisi. Hata ule utaratibu wa pembetatu ambao kila fundi wa makabati anaujua (sinki, jiko, friji, mistari mitatu ya kuviunganisha ijumlishe kati ya mita 4 na 8 hivi, ulitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1940) unachukulia kuna mpishi mmoja. Hapa jioni tunakuwa watatu, mmoja anakata, mmoja yuko kwenye moto, mmoja anaosha, na juu ya hapo mtoto kaja kuchukua maji. Kwa hiyo tumeacha kufikiria pembetatu tunafikiria vituo. Kituo cha maji, kituo cha moto, kituo cha kuandaa, na kila kituo kiwe na vyombo vyake karibu ili mtu asilazimike kupita mgongoni kwa mwenzake. Friji tunaisogeza ikae mlangoni kabisa, anayetaka maji ya baridi achukue aondoke bila kuingia kwenye moto.

Kuhusu urefu wa kaunta nitakaa kidogo hapa maana mama analalamika mgongo, na kwa miaka tumesema ni umri.

Fundi alivyokuja kupima tukaambiwa kaunta za siku hizi ni sentimita 90 hivi, ndo kipimo, makabati yanatengenezwa kwa kipimo hicho. Sawa. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba sehemu ya kukatia inatakiwa iwe chini ya kiwiko chako kama sentimita 10 mpaka 15, ukiwa umesimama umekunja mkono. Nikamwambia mama simama hapa ukutani, vua viatu, kunja mkono, nikaweka alama ya penseli kwenye kiwiko. Sentimita 95. Halafu yeye akanipima mimi, 108. Tukasimama tunaangalia zile alama mbili ukutani, tofauti ya sentimita 13, na mimi na yeye tumekuwa tunapika kwenye kaunta moja maisha yote. Yake inatakiwa iwe 80 mpaka 85, yangu 93 mpaka 98. Hiyo 90 ya kila mtu haimfai yeyote kati yetu, yeye anainua mabega, mimi nainama.

Na kumbe sinki ni kesi nyingine kabisa, kwa sababu ukiosha vyombo mikono yako haiko juu ya kaunta, iko chini ndani ya sinki, sentimita 15 au 20 zaidi chini. Sinki letu limekaa kwenye kaunta ya sentimita 82 na ni la kina kirefu, kwa hiyo anayeosha kila siku anafanya kazi kwenye sentimita 62 au zaidi kidogo kutoka sakafuni. Si umri tu ule. Tumekubaliana kaunta kubwa iwe 92, sinki lisiwe la kina kirefu, na dirishani tunaweka kipande cha upana wa mita moja kilichoshushwa mpaka 80, chini yake wazi bila kabati ili mama aweze kuvuta kiti akae akiandaa. Fundi wa makabati alisema kaunta ikishuka hivyo haitapendeza kwa macho. Nikamwambia asante, ishushe.

Baada ya hapo tukalichora jiko zima sakafuni kwa maski tepu. Nashauri hili kwa nguvu zote, usiamini ramani ya kwenye karatasi peke yake. Tulifanya sebuleni, tukasogeza makochi, tukabandika tepu kila kaunta kwa kina chake cha sentimita 60, tukaweka maboksi pale friji itakapokaa, na kipande cha kadibodi kikawa mlango wa friji. Halafu tukajifanya tunapika, watu watatu kwa pamoja. Ndani ya dakika kumi tukagundua mlango wa friji ukifunguka na mashine ya kuoshea vyombo ikafunguka mtu hapiti kabisa. Pia njia kati ya kaunta mbili tulikuwa tumeipa sentimita 90, mmoja akiinama kutoa kitu oveni mwingine lazima asimame asubiri, tukaipanua ikafika 115 na kaka yangu ambaye ni mpana akapita nyuma yangu bila kunigusa. Zile sentimita 25 kwenye karatasi ni kitu kidogo sana, huwezi kuziona.

Sasa mambo ya ukutani na chini ya sakafu. Fundi wa kwanza aliyekuja alisimama mlangoni, akatazama, akatupa makadirio ya kila kitu palepale kwa mdomo bila hata kufungua kabati la sinki. Sikumrudisha. Aliyefuata ni fundi bomba mtu mzima, aliingia na tochi akalala chini kabisa kichwa ndani ya kabati, akakaa kama dakika kumi haongei, akatoka akasema, "Dada, sinki halina kosa. Kosa ni njia." Akaweka pimamaji juu ya bomba la maji machafu linaloingia ukutani akanionyesha, povu limekaa katikati, yaani bomba limelala bapa halina mteremko, maji yanasimama mle ndani, mafuta yanaganda, na kwenye kiungio yanavuja taratibu. Miaka na miaka. Ndo ule mstari mweusi.

Akanieleza bomba la maji machafu linataka mteremko wa kama sentimita mbili kwa kila mita, likipungua maji hayasukumi uchafu. Mi nilikuwa nataka kuhamisha sinki liende ukuta wa pili, umbali wa mita nne. Akapiga hesabu pale pale, mita nne ni sentimita nane za kushuka, na unene wa sakafu yetu hauruhusu mpaka tuchimbe chini. Nikaumia kidogo maana lile dirisha nilikuwa nimeshalipenda. Lakini tumelisogeza mita moja tu na nusu, tumebaki ukuta ule ule, na hela ya kuchimba sakafu inaenda kwenye umeme, ambako kweli inahitajika.

Maana umeme wetu wa jikoni wote uko kwenye waya mmoja. Soketi mbili, na kwenye hizo soketi mbili tumepachika ekstensheni, birika ambalo peke yake linakula wati 2,000 au zaidi, maikrowevu, friji, blenda. Nikishika ile ekstensheni jioni ina joto. Fundi umeme aliishika akaichomoa bila kusema neno. Mpango ni oveni iwe na waya wake yenyewe mpaka kwenye boksi la breka, friji wake, soketi za kaunta zigawanywe njia mbili, na zote zipite kwenye kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30, kwa sababu jikoni mikono ina maji muda wote. Na soketi ziwe nyingi kuliko unavyodhani unahitaji, kuongeza moja baadaye kunamaanisha kubomoa vigae.

Taa nayo. "Giza, nimejikata" iliandikwa mara tatu kwenye ile karatasi na watu watatu tofauti. Taa yetu ni moja katikati ya dari, kwa hiyo ukisimama kwenye kaunta mwili wako unaiziba, unakata ndani ya kivuli chako mwenyewe. Tunaweka taa nyembamba chini ya makabati ya juu, upande wa mbele na sio nyuma ukutani, basi.

Na feni ya kufyonza moshi, iwe na bomba linalotoa nje kabisa. Zile zinazochuja hewa halafu zinairudisha humo humo ndani zinapunguza mafuta na harufu, lakini mvuke na hewa ya gesi iliyoungua inabaki na nyinyi. Nyumba yenye mtoto mwenye kifua hili halina mjadala.

Kama nyumba yenu ni ya zamani kama hii, naomba sana msikilize hapa. Usichukue nyundo ukaanza kung'oa sakafu. Vile vigae vya vinaili vya zamani, vya kabla ya miaka ya 1980, na ile gundi nyeusi chini yake, vinaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na hatari yake inakuja pale unapovunja na kusugua, vumbi linaingia kwenye mapafu na halitoki. Chukua sampuli ipelekwe maabara kwanza, ikutwe nayo waje watu wenye vifaa vyao. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, Marekani walipiga marufuku rangi ya risasi kwenye nyumba za watu mwaka 1978 lakini rangi iliyopakwa kabla bado iko kwenye kuta. Sisi tumepeleka vipande viwili vya sakafu, bado tunasubiri majibu. Pia tulitaka kuondoa ukuta kati ya jiko na sebule, mhandisi akaja akapanda darini akasema ukuta ule umebeba boriti, ukiutoa lazima uweke boriti ya chuma. Tumeuacha ukuta, tutafungua dirisha dogo la kupitishia vyombo tu.

Makabati sitasema mengi. Chipbodi haipendi maji, ushahidi ninao, kwa hiyo chini ya sinki tunatumia plaiwudi ya kustahimili maji na kingo zote zizibwe. Na chini kote tunaweka droo badala ya milango, droo unaivuta unaona mpaka sufuria ya mwisho, mlango unapiga magoti na tochi.

Juu ya kaunta ndo nilibadilisha mawazo kabisa. Marumaru nilishaikataa mapema, ni jiwe la chokaa, kitu chochote kichachu kikimwagika kinaiunguza na kuacha alama hafifu ambayo haitoki kwa kufuta. Nilikuwa nimechagua yale mawe ya kutengenezwa kiwandani, unga wa mawe na gundi, yanapendeza na hayanyonyi madoa. Halafu nikasoma kuhusu wanaoyakata. Yale ya kawaida mara nyingi yana silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) zaidi ya asilimia 90, na fundi akikata bila maji vumbi lake linakwenda kwenye mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usiopona, na wanaougua wengi ni vijana wa kazi. Australia wameyapiga marufuku kabisa kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Niliifikiria ile kaunta nzuri, naifuta kila siku asubuhi, na kijana aliyeikata anakohoa mahali fulani. Sikuweza. Tunakwenda na granaiti kwa sehemu ya moto na mbao ngumu kwa kile kipande cha mama. Granaiti nayo ina silika, pungufu lakini ipo, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe karakana inapokatwa kuhakikisha msumeno wao unamwaga maji na vijana wamevaa barakoa za maana. Wamevaa.

Kwa upande wa hela tumefanya hivi, tumechukua makadirio yote tukatenga asilimia 20 pembeni ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa kwa ajili ya kitu cha kuonekana. Sio ya vishikizo wala ya taa nzuri zaidi. Ni ya kile tutakachokikuta nyuma ya ukuta. Na malipo kwa fundi ni kwa hatua, imeandikwa, bomba na waya vikikamilika na kupimwa kabla ukuta haujafunikwa ndo anapata awamu ya pili. Nitapiga picha za kuta zikiwa wazi na futi kamba ionekane pembeni, ili siku moja mtu akitaka kutoboa ajue waya unapita wapi.

Kitu ambacho hatukukijua ni kile kipindi cha kusubiri katikati. Jiwe la kaunta halipimwi mpaka makabati ya chini yamefungwa na kusawazishwa, halafu wanakwenda kulikata, wiki moja au mbili, na muda wote huo huna sinki. Kwa hiyo tumeandaa jiko la muda kwenye chumba cha mwisho, meza, jiko dogo la plati mbili, beseni mbili, na vyombo vya watu sita tu, vingine vyote kwenye maboksi yenye maandishi. Tumelijaribu Jumapili iliyopita, tumepika na kula na kuosha humo siku nzima kuona kama tutaweza. Tumeona beseni moja isingetosha na kwamba mwanga wa pale usiku ni mbaya, nimeongeza taa ya meza.

Maabara wamesema majibu ya sakafu ni wiki hii. Tepu bado iko sebuleni, hatujaibandua, na jana jioni nilipita nikamkuta mama amevuta kiti amekaa ndani ya kile kipande chake cha dirishani, anamenya, beseni liko mapajani maana kaunta haipo bado. Akaniambia nisogeze tepu ya kulia kidogo, kiwiko chake kinagonga.

Nimeisogeza sentimita sita.